Ballon d'Or: Tuzo iliyozaliwa gazetini, na deni la waandishi wetu

Usiku wa Oktoba 28, 2024, ndani ya ukumbi wa Théâtre du Châtelet jijini Paris, Rodri alipanda jukwaani akijikongoja kwa magongo. Kiungo huyo wa Manchester City alikuwa ameumia goti mwezi mmoja nyuma katika mechi dhidi ya Arsenal. Aliyemkabidhi mpira wa dhahabu alikuwa George Weah wa Liberia, mshambuliaji aliyestaafu soka akaja kuwa rais wa nchi yake, na mchezaji pekee wa timu ya taifa ya Afrika aliyewahi kuitwaa Ballon d'Or tangu ianze kutolewa mwaka 1956.

Viti vya Real Madrid vilikuwa vitupu. Klabu hiyo ilikuwa imepata fununu kwamba Vinícius Júnior hatatangazwa mshindi, ikaamua msafara wake mzima ubaki Hispania. Siku zilizofuata, mabishano yaliwaka kila mahali mpira unapotazamwa, kuanzia studio za televisheni za Ulaya hadi vibanda umiza vya Manzese na Tandika jijini Dar es Salaam. Wengi walizungumza kana kwamba tuzo ile imetolewa na FIFA, au na wakubwa fulani waliojifungia chumbani.

Hesabu inaeleza jambo jingine. Rodri alipata pointi 1,170, Vinícius 1,129. Tofauti ni pointi 41. Kwa utaratibu ulioanza mwaka huohuo, kila mpigakura huchagua wachezaji kumi kutoka orodha ya 30, na anayemweka wa kwanza hupata pointi 15. Kwa hiyo tuzo kubwa kuliko zote za mchezaji mmoja mmoja duniani iliamuliwa kwa pengo lisilofikia kura tatu za nafasi ya kwanza. Na waliopiga kura hizo ni waandishi wa habari, mmoja kutoka kila nchi iliyopewa kura, walioitwa na jarida la Kifaransa liitwalo France Football.

Hilo ndilo jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau, na sisi tunaoishi kwa kuandika michezo hatupaswi kulisahau. Ballon d'Or ni kazi ya gazeti. Nguvu yake yote imetokana na watu waliotazama mechi, wakaandika walichokiona, wakahifadhi walichokiandika. Mchezaji asiyeandikwa hapigiwi kura. Kanuni hiyo imewainua baadhi ya Waafrika na kuwaacha gizani wengine wengi, wakiwamo wa kwetu.

Gazeti lililobuni mashindano

France Football lilianza kutoka mwaka 1946, wakati Ufaransa ikijiokota baada ya vita. Lilikua bega kwa bega na gazeti la michezo la L'Équipe, na ndani ya familia hiyo alikuwamo Gabriel Hanot, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Ufaransa aliyegeukia kalamu.

Desemba 1954, Wolverhampton Wanderers waliifunga Honvéd ya Hungary mabao 3-2 katika mechi ya kirafiki, na magazeti ya Uingereza yakaitangaza Wolves kuwa mabingwa wa dunia. Hanot hakukubali. Akaandika kwamba kabla ya kutoa cheo hicho, Wolves wakacheze kwanza Moscow na Budapest, na kwamba Ulaya ina timu nyingine kama Milan na Real Madrid. Hakuishia kubisha. Yeye na wenzake wakachora mpango wa mashindano ya klabu bingwa, wakawaalika viongozi wa klabu kuujadili, na mwaka 1955 Kombe la Ulaya likaanza. Ligi ya Mabingwa inayotufanya tukeshe Jumanne na Jumatano ina asili yake katika safu ya gazeti.

Mwaka uliofuata waandishi walewale wakauliza swali la pili: mchezaji bora wa Ulaya ni nani? Wakawaomba waandishi wa nchi 16 wapige kura. Mshindi wa kwanza akawa Stanley Matthews, winga wa Blackpool aliyekuwa na umri wa miaka 41, kwa pointi 47. Nyuma yake alikuwa Alfredo Di Stéfano wa Real Madrid na pointi 44, kisha Raymond Kopa na 33. Di Stéfano na Kopa walipata zamu zao miaka miwili iliyofuata.

Mpira wenyewe hutengenezwa na nyumba ya masonara ya Mellerio ya Paris. Mafundi huchukua nusu mbili za shaba, huziunganisha, huchora mishono ya mpira kwa mkono, huupaka mpira dhahabu, kisha huukalisha juu ya jiwe la madini ya pairaiti. Thamani yake halisi, hata hivyo, haipo kwenye dhahabu. Ipo kwenye orodha ya majina, na orodha hiyo imekuwa na heshima kwa sababu kura zilihesabiwa na kuchapishwa ili kila msomaji azione.

Ukuta wa uraia

Kwa miaka 39 tuzo ilikuwa ya wachezaji wa mataifa ya Ulaya peke yao. Eusébio aliishinda mwaka 1965, naye alizaliwa Lourenço Marques, mji tunaouita leo Maputo. Lakini Msumbiji ilikuwa bado koloni, hivyo mtoto wa mtaa wa Mafalala akaingia kwenye kumbukumbu kama Mreno. Pelé hakuwahi kupigiwa kura hata moja enzi zake, wala Garrincha, wala Maradona.

Mwaka 2016, jarida lenyewe lilipotimiza miaka 60 ya tuzo hiyo, lilirudi nyuma na kukagua upya orodha yake. Likakiri kwamba kama mlango ungekuwa wazi tangu mwanzo, tuzo 12 zingekwenda Amerika Kusini. Pelé peke yake angekuwa na saba, Maradona mbili, na Garrincha, Mario Kempes na Romário moja moja. Ni gazeti gani lingine limewahi kupima historia yake kwa uwazi wa namna hiyo? Kitendo kile kilistahili sifa kuliko sherehe yoyote ya zulia jekundu.

Ukuta ulibomolewa mwaka 1995, pale sheria iliporuhusu mchezaji wa taifa lolote mradi anacheza klabu ya Ulaya. Mwaka huohuo Weah akashinda. Alikuwa amemaliza msimu wa Ligi ya Mabingwa wa 1994/95 akiwa mfungaji bora kwa mabao saba akiwa na Paris Saint-Germain, kisha akahamia AC Milan. Mwaka 2007 mipaka ikaondolewa kabisa, na mchezaji wa klabu yoyote duniani akawa na haki ya kuteuliwa. Mwaka 2018 ikaanza Ballon d'Or ya wanawake, na Ada Hegerberg wa Norway akawa wa kwanza kuitwaa.

Kwa maandishi, basi, mlango uko wazi kwa kila mtu. Kwa vitendo, Afrika bado inasubiri mrithi wa Weah. Didier Drogba alikuwa wa nne mwaka 2007. Sadio Mané alikuwa wa pili mwaka 2022, na usiku huo akapewa Tuzo ya Sócrates, iliyotolewa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kazi za kijamii, kwa shule na hospitali alizojenga kijijini kwake Bambali. Mwaka 2025, Ousmane Dembélé wa Ufaransa alipotawazwa, Mohamed Salah alishika nafasi ya nne na Achraf Hakimi ya sita. Wote hao walihesabiwa kwa walichofanya wakiwa na klabu za Ulaya.

Jarida lilipotazama viwanja vya Afrika

Kuna sura moja ya historia hii ambayo vijana wengi hawaijui. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1994, France Football lilitoa pia Ballon d'Or ya Afrika, likiwaita waandishi kumchagua mchezaji bora wa bara letu.

Wa kwanza alikuwa Salif Keita wa Mali. Keita alitua Ufaransa mwaka 1967 kujiunga na Saint-Étienne, lakini wenyeji wake walikuwa wakimsubiri uwanja mwingine wa ndege. Alichofanya ni kupanda teksi Orly na kumwambia dereva ampeleke Saint-Étienne, safari ya takriban kilomita 500, klabu ikalipa nauli alipofika. Msimu wa 1970/71 alifunga mabao 42 ya ligi.

Lakini tazama waliomfuata. Mwaka 1971 alikuwa Ibrahim Sunday wa Asante Kotoko. Mwaka 1972 Chérif Souleymane wa Hafia ya Conakry. Mwaka 1973 Tshimen Bwanga wa TP Mazembe. Mwaka 1974 Paul Moukila wa CARA ya Brazzaville. Mwaka 1975 Ahmed Faras wa Mohammedia. Mwaka 1976 Roger Milla akiwa Tonnerre ya Yaoundé, miaka 14 kabla dunia haijamwona akicheza kwenye kibendera cha kona katika Kombe la Dunia kule Italia. Mwaka 1977 Tarak Dhiab wa Espérance, 1978 Karim Abdul Razak wa Kotoko, 1979 Thomas N'Kono na 1980 Jean Manga-Onguéné, wote wa Canon ya Yaoundé, na 1981 Lakhdar Belloumi wa Mascara, Algeria.

Miaka 11 mfululizo, mchezaji bora wa Afrika alikuwa mtu aliyecheza Jumapili mbele ya watu wa nyumbani kwake. Mwandishi aliyempigia kura alilazimika kufuatilia Kumasi, Conakry, Lubumbashi na Mohammedia. Baadaye upepo ukageuka. Kuanzia mwaka 1987, Rabah Madjer wa Porto alipotangazwa, washindi karibu wote walitoka klabu za Ulaya. Kalusha Bwalya alikuwa Ubelgiji, Abedi Pele aliyeshinda mara tatu mfululizo alikuwa Ufaransa. Mshindi wa mwisho, mwaka 1994, alikuwa George Weah.

Mtu mmoja akafunga ukurasa mmoja na kufungua mwingine. Weah alipochukua Ballon d'Or ya Ulaya mwaka 1995, ile ya Afrika haikutolewa tena. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila pamoja na mlango uliofunguka Milan, dirisha lililokuwa likitazama viwanja vyetu lilifungwa, na jarida lenye sauti kubwa kuliko yote likaacha kuuliza nani anang'ara Kumasi.

Lubumbashi, kwa Kiswahili

Jina la Bwanga linatuhusu kwa namna ya pekee. Lubumbashi ni mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya migodini na ya uwanjani. Mazembe, wakati huo ikiitwa Englebert, ilikuwa imetwaa Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Bwanga alikuwa beki, na mabeki hushinda tuzo kwa nadra. Mwaka mmoja baada ya kutunukiwa, alikwenda Ujerumani Magharibi na Zaire kwenye Kombe la Dunia la 1974.

Mwaka huo wa 1974 unatuuma na sisi. Simba ya Dar es Salaam ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Mehalla wakaenda fainali kukutana na CARA, CARA wakashinda, na Moukila wao akabeba Ballon d'Or ya Afrika. Simba ilikuwa penalti chache tu kutoka kwenye fainali ambayo Afrika nzima ingeiandika. Katika miaka yote 25 ya tuzo ile, hakuna mshindi aliyetoka Tanzania, Kenya wala Uganda. Hata mwaka 1987, Gor Mahia walipowafunga mdomo Espérance na kulileta Nairobi Kombe la Washindi la Afrika, jina la Mkenya halikufika kileleni.

Tulisubiri hadi Januari 7, 2016. Siku hiyo mjini Abuja, CAF ilimtangaza Mbwana Samatta kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Alikuwa wa Mazembe, klabu ileile ya Bwanga. Alikuwa amefunga katika mechi zote mbili za fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger, na alimpita mwenzake wa klabu, kipa Robert Kidiaba, pamoja na Baghdad Bounedjah. Kijana wa Mbagala aliyelelewa African Lyon na Simba akawa Mtanzania wa kwanza kuipata heshima hiyo. Mwezi huohuo akaenda Genk, na miaka minne baadaye alikuwa Aston Villa.

Tukumbuke mpangilio wa mambo hayo. Samatta hakusubiri kwenda Ulaya ndipo awe mkubwa. Alikuwa mkubwa Lubumbashi, na kwa kuwa kulikuwa na tuzo inayotazama Lubumbashi, ukubwa wake ulionekana.

Nchi mia moja

Turudi kwenye kura za leo. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2015, France Football liliungana na FIFA, na manahodha na makocha wa timu za taifa wakapiga kura pamoja na waandishi. Taifa Stars ya Tanzania na Harambee Stars ya Kenya zilikuwa na sauti. Lakini mwaka wa kwanza kabisa, Wesley Sneijder aliongoza kura za waandishi na bado akamaliza wa nne, nyuma ya Messi, Iniesta na Xavi. Ndoa ile ikavunjika, na kuanzia mwaka 2016 tuzo ikarudi kwa waandishi peke yao. FIFA ikaanzisha tuzo yake nyingine iitwayo The Best.

Mwaka 2022 yakaja mabadiliko mengine. Tuzo ikaanza kupima msimu badala ya mwaka wa kalenda. Na idadi ya wapigakura wa tuzo ya wanaume, iliyokuwa imefika takriban 170, ikapunguzwa: sasa hupiga kura mwandishi mmoja kutoka kila nchi iliyomo kwenye 100 bora za viwango vya FIFA. Kwa wanawake ni nchi 50. Lengo lililotajwa ni kupandisha ubora wa kura.

Kwa ukanda wetu, mstari huo umekata pabaya. Uganda na DR Congo zimo ndani ya mia. Tanzania na Kenya zimekuwa nje, na Rwanda na Burundi ziko mbali zaidi. Maana yake ni kwamba nchi mbili zenye wasomaji wengi wa habari za michezo kwa Kiswahili hazina mtu kwenye jopo. Mwandishi wa Nairobi anayetazama mechi za Ulaya wiki nzima kwa miaka 20 hana kura, kwa sababu timu yake ya taifa imepoteza mechi za kufuzu. Kuna uhusiano gani kati ya safu ya ulinzi ya Harambee Stars na jicho la mwandishi huyo? Naliona jambo hili kuwa dhuluma. Ujuzi wa mwandishi ungeweza kupimwa kwa kazi zake, na kazi zipo zimechapishwa.

Hata hivyo, kulalamika Paris hakutoshi. France Football ni jarida la Ufaransa, linaloshirikiana sasa na UEFA kuandaa tuzo hiyo, na halina wajibu wa kutuandikia historia yetu. Wajibu huo ni wetu.

Deni letu

Anayetaka kujua nani alipata kura ngapi Ulaya mwaka 1956 ataambiwa 47, 44 na 33. Aulize orodha ya wafungaji wa ligi ya Tanzania Bara ya mwaka 1974, mwaka ambao Simba iliitikisa Afrika. Ataanza kuzunguka kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine, na kila mzee atakuwa na namba yake. Wachezaji wale walikuwapo, mabao yao yaliingia wavuni, maelfu waliyaona. Kilichokosekana ni mtu wa kuyahesabu na kuyachapisha kila wiki bila kuchoka.

Hali bado ni ileile kwa kiasi kikubwa. Simba Queens walimaliza wa nne Afrika mwaka 2022. Msomaji angepata kwa urahisi zaidi habari za benchi la Chelsea kuliko takwimu za mabinti wale. Mwaka 2024, Barbra Banda wa Zambia na Tabitha Chawinga wa Malawi walikuwa miongoni mwa 30 walioteuliwa kuwania Ballon d'Or ya wanawake. Wanatoka nchi jirani, zenye umaskini kama wetu na viwanja kama vyetu. Vipaji vya namna hiyo vipo Mwanza, Kisumu na Bujumbura, na swali ni nani anawaandika wangali na miaka 17.

Tuzo tunazo. Shirikisho la soka la Tanzania, TFF, lina kamati yake ya tuzo za ligi, na nchini Kenya chama cha waandishi wa michezo, SJAK, huwatunuku wanamichezo bora wa mwezi. Ni kazi njema. Kinachokosekana ni kile kilichoipa Ballon d'Or uzito wake: tuzo ya gazeti ambayo kila mpigakura anatajwa kwa jina na kura yake inachapishwa ili wasomaji waihoji. Mwandishi anayejua kwamba kura yake itasomwa hadharani hatampigia mchezaji wa klabu anayoishabikia. Na mwandishi anayejua kwamba mwisho wa msimu ataulizwa sababu ataanza kwenda uwanjani tangu mechi ya kwanza akiwa na daftari.

Kiswahili kinatupa uwanja mpana kuliko nchi yoyote moja. Tuzo ya mchezaji bora wa Afrika Mashariki na Kati, ikipigiwa kura na waandishi wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, ingeweza kuanza msimu ujao. Haihitaji jukwaa la Paris wala mpira wa dhahabu. Hanot na wenzake walianza na ombi kwa waandishi wa nchi 16, ukurasa wa jarida na kikokotoo cha kichwani. Wahariri wetu wanayo yote hayo leo, pamoja na simu mkononi.

Siku Mwafrika wa pili atakapoitwaa Ballon d'Or, tutashangilia kama tulivyomshangilia Weah. Lakini heshima ya soka letu isingoje siku hiyo, wala isitegemee nani kaalikwa kupiga kura ng'ambo. Tuwatazame wachezaji wetu, tuwahesabie mabao yao, tuchapishe majina yao na kura zetu. Anayestahili kuonekana na dunia lazima kwanza aonekane kwenye kurasa za nyumbani.